Miji Mgongoni mwa Fulana

Bendi ya baba yangu ilipiga roki, na katika Nyeri nzima wapenzi wa roki walikuwa wanne, wote wakiwa ndani ya bendi hiyo. Watu wengine walitaka gitaa moja na mwimbaji mmoja, ule muziki wa kushikana mabega na kuzunguka baa kama mabehewa ya treni, au nyimbo za ng'ambo za wanaume wenye kofia pana wanaolilia farasi. Baba hakukata tamaa. Alivaa koti la ngozi saa saba mchana, na miwani myeusi iliyomfanya awasalimie kwa furaha watu aliokuwa amegombana nao. Siku moja mwenye baa fulani huko Karatina aliwapa nyama na soda ili wapumzike kidogo, na walipomaliza kula akawaongezea nyama nyingine ili wasirudi jukwaani. Baba alitusimulia hayo kama ushindi.

"Wametulisha mara mbili," alisema. "Mara mbili!"

Mama alikuwa anachambua mboga. "Wangewalisha mara ya tatu mngenyamaza kabisa," akasema.

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiniita nisome mbele ya darasa, sauti yangu hutangulia kutoka nje, nami nabaki nimesimama na kitabu. Kwa hiyo kila jioni naandika katika shajara yale ambayo ningesema kama ningekuwa mtu mwingine. Haya nayaandika nikiwa kidato cha tatu, na mengi nilikuwa nimeyaandika zamani vipande vipande, maana nilikuwepo na nilisikia yote. Watu hawajali kusema mbele ya mtu asiyesema.

Kitu cha bendi kilichopendwa na watu kilikuwa nembo, wala si nyimbo. Baba aliichora mwenyewe: tai aliyetanua mabawa yanayowaka moto, ameshika gitaa kwa makucha. Waliipiga chapa kwenye fulana nyeusi wakitumaini kuziuza kwenye maonyesho yao. Maonyesho hayakuwepo, fulana zikabaki kwenye maboksi chini ya meza yetu ya kulia, nasi tukazoea kula tumekunja miguu.

Kisha mpiga ngoma wao akafiwa na baba yake, mzee mkulima wa kahawa ambaye hakuwahi kusikia roki kwa hiari yake. Bendi ilitaka kumpa mwenzao heshima na haikuwa na kitu ila fulana. Wakazichukua hizo, wakaongeza uso wa mzee kifuani, chini ya tai. Mgongoni palikuwa patupu, na hapo ndipo baba alipopata wazo lake kubwa. Alikuwa na fulana ya mtumba aliyoinunua Karatina, ya bendi fulani ya ng'ambo, na mgongoni ilikuwa na orodha ya miji ambayo bendi hiyo ilipiga muziki ikizunguka dunia. Baba aliamini hivyo ndivyo fulana ya bendi inavyokamilishwa. Akaandika kichwa, "Ziara ya Mwisho," na chini yake, mstari kwa mstari, mahali ambapo mwili ungepita: Mochari Nyeri. Karatina. Kanisani. Nyumbani.

Hakuwa anatania. Baba hatanii juu ya mambo ya bendi.

Kwenye mazishi, watu waliketi kwa mistari, na mtu akiketi nyuma ya mtu mahubiri yakiwa marefu, atasoma chochote kilicho mbele yake. Walisoma migongo asubuhi yote. Kabla kaburi halijafunikwa vizuri, dada mmoja wa marehemu alimvuta baba kando akamwuliza fulana kama hizo zinapatikana wapi, na kama mtu anaweza kuagiza mapema.

Hivyo ndivyo bendi ilivyopata kazi. Zilitoka fulana, kofia, vitambaa vya kichwa, vitambaa vya kufutia machozi, utepe wa mashada ya maua, hata miavuli, na kila kitu kilikuwa na tai wa moto. Mchungaji mmoja alilalamika kwamba moto na maiti havipaswi kukaa pamoja, watu wataanza kufikiria mambo. Baba akamwuliza kama mbinguni hakuna ndege. Mchungaji akaenda kulifikiria hilo, na baadaye akaagiza kofia.

Mimi ndiye niliyekata herufi. Nina mwandiko mzuri, basi baba alinipa karatasi ngumu na wembe, nami nikakata jina la mji mmoja baada ya mwingine, halafu yeye akapaka rangi juu yake kwa skrini, kile kitambaa chembamba cha kuchapia. Kazi hiyo haikuhitaji kuongea. Jiografia ya sehemu zetu niliipata kwa njia ya marehemu.

Lakini shida ikaanzia hapo hapo mgongoni. Watu walianza kuhesabiana miji.

"Wale walipitia Sagana," mama mmoja alimwambia baba, amekasirika kama aliyeibiwa. "Sisi tunapitia wapi?"

"Nyumbani kwenu ni hapo tu ng'ambo ya mto, mama. Mochari mnaiona kutoka kwa shamba."

"Kwa hivyo mzee wetu ataandikwa mji moja? Kama mtu ambaye hakuwa na watoto?"

Basi gari la maiti likapitia Sagana. Familia iliyofuata ikataka Sagana na Kutus. Mwenye duka kubwa la mabati alipofiwa na baba yake, akasema hataki mchezo, na ule mwili ukazungushwa mlima wote: Naro Moru, Nanyuki, Meru, Chuka, Embu, Kutus, Kerugoya, Karatina, ndipo ukarudi kuzikwa karibu na ulikotoka. Ulifika jioni mchungaji ameshaenda zake na wapishi wanakwangua sufuria. Waombolezaji walikuwa na njaa na usingizi, lakini migongo yao iliandikwa mpaka kiunoni. Hata ile fulana ya ng'ambo haikuwa na miji inayofika hapo. Watu waliyataja mazishi hayo kwa heshima kwa muda mrefu, ingawa hakuna aliyekumbuka mzee mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Katika haya yote kulikuwa na mtu mmoja aliyetaka kusafiri na hakupata nafasi. Alikuwa Shosho, mama yake baba, na alikuwa hai.

Shosho aliishi peke yake chini ya mteremko wetu, katika nyumba ya mbao yenye migomba nyuma. Mbali alikowahi kufika ni Karatina, siku za soko. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu aliyebaki, aliyeolewa Mwea zamani mashamba ya mpunga yalipokuwa yanafunguliwa. Hawakuwa wameonana tangu Guka, mume wa Shosho, alipozikwa, wakati mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Mdogo wake miguu ilikuwa mibaya, hangeweza kupanda milima yetu. Kwa hiyo ilikuwa Shosho aende. Kila msimu alimwekea mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu mama aliyejifungua hupikiwa, kwa sababu Mwea hayamei vizuri. Kila msimu wadudu waliyala, naye akaweka mengine.

"Utanipeleka Mwea lini?" alimwuliza baba kila alipomwona.

"Wiki ijayo, Maitu," baba alijibu. Hivyo ndivyo sisi humwita mama. "Hii wiki tuko na marehemu wa Kutus."

Na ili kufika Kutus na marehemu huyo, baba alipitia Mwea.

Shosho aliugua kifua katika baridi ya mwezi wa saba. Alilazwa hospitalini, na jamaa wakaunda kamati ya matibabu. Mwenyekiti alikuwa mzee jirani, karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa, aliyependa kuongoza mikutano kuliko kula. Walikutana nyumbani kwetu, nami nikawamiminia chai.

"Ajenda ya kwanza, dawa," mwenyekiti alisema. Dawa ikazungumzwa. "Ajenda ya pili, tenti."

"Tenti ya nini?" mama akauliza.

Mwenyekiti akatazama dari. "Ya mvua," akasema.

Hakuna aliyependekeza kamati ibadilike. Ilibadilika yenyewe, kama maziwa yanavyoganda. Mkutano uliofuata mwenyekiti alianza kwa kusema kwamba Shosho alikuwa mama mkarimu sana, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mtu mmoja akauliza ng'ombe wa kuchinjwa ni yupi. Mama akasimama, akasema alikuwa na Shosho mchana huo huo, na Shosho alikunywa uji akalalamika hauna sukari. Mwenyekiti akasema hiyo ni kawaida, watu huchangamka karibu na mwisho.

Baba alikuwa na hofu yake mwenyewe. Kama mama wa mtengenezaji wa fulana angezikwa kwa fulana za haraka haraka, wateja wangesema nini? Rangi ilikuwa imeshachanganywa kwa ajili ya mtu mwingine. Akaamua kutangulia kidogo. Alichukua picha ya Shosho ya kitambulisho, ile anayoonekana kama mtu aliyekamatwa, akaiweka kifuani chini ya tai. Nilikata herufi za mgongoni bila kutaka, na sikumwambia, maana simwambii mtu kitu. Ziara ya Mwisho. Mochari Nyeri. Karatina. Sagana. Mwea. Kutus. Kerugoya. Nyumbani. Baba alichagua miji aliyotaka kupata wateja. Wanakamati wakagawiwa zao mapema, na maboksi yakapelekwa nyumbani kwa Shosho, yakawekwa chini ya kitanda chake, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na nafasi na mwenye nafasi hakutarajiwa kuihitaji.

Halafu Shosho akapona.

Habari hiyo ilifika kwenye kamati kama msiba. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama ni kweli. Baba akakimbia na pikapu yake kuyahamisha maboksi, akatangaza kwamba kila mtu aliyepewa fulana airudishe siku hiyo hiyo. Wote wakarudisha isipokuwa mwenyekiti, ambaye alikuwa ameizoea. Alisema hajawahi kuvaa kitu kinachomkaa vizuri hivyo begani. Siku ya kumpokea Shosho aliivaa chini ya koti lake la sufu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Jua lilikuwa kali siku hiyo. Shosho alishuka kwenye pikapu amejifunga shuka, mwembamba, macho yakiwa mazima kabisa. Tulijipanga kumsalimia. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kwa sababu ya cheo. Alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye nyusi.

"Wewe nawe umeugua?" Shosho akamwuliza. "Fungua hiyo koti, utakufa."

"Hapana mama, niko sawa. Karibu nyumbani. Tulikuombea sana."

Akainama kumpa mkono, na kifungo cha katikati kikaachia. Shosho akaangalia tumbo la mwenyekiti. Akaona uso wake mwenyewe unamtazama kutoka pale, juu yake kuna ndege.

Kwetu mtu hazungumzii kifo cha mzazi wake akiwa hai, sembuse kukichapisha. Na mzazi akikutamkia neno baya kwa kosa kama hilo, hakuna dawa ya kuliondoa. Baba, na roki yake yote, alilijua hilo kuliko sisi sote. Nilimwona akivua miwani. Sikuwa nimewahi kumwona akivua miwani mchana.

"Huyo ni mimi?" Shosho akauliza.

"Ni wewe, mama," mwenyekiti akasema kwa sauti ya panya.

"Na mbona huyu ndege amenibeba kama kifaranga?"

Mwenyekiti akapapasa kifungo akitaka kukifunga.

"Geuka." Mwenyekiti akageuka. "Toa koti." Akatoa. Shosho hajui kusoma. Akatazama mistari ile myeupe, kisha akatafuta mtu katika kundi lote, akanipata mimi. "Wewe wa shule. Nisomee."

Ningeweza kuandika hapa kwamba nilikuwa jasiri. Nilitaka kukimbilia migombani. Lakini Shosho alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kwa mtu aliyekuwa amekatiwa tamaa. Nikasoma polepole, nikianzia mstari wa tatu, kwa sababu kile kichwa na ile mochari havikutoka. "Karatina. Sagana. Mwea. Kutus..."

"Ngoja. Rudia hapo."

"Kutus?"

"Ile nyingine."

"Mwea."

"Rudia."

"Mwea, Shosho."

Akamgeukia baba, na nikafikiri sasa neno linatoka. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya ngozi.

"Kwa hivyo gari ilikuwa inapatikana," Shosho akasema.

Baba aliikunja na kuikunjua miwani yake.

"Nilichokosa ni kufa tu. Nikiwa na macho ya kuona njia, hakuna nafasi. Nikiwa nimefungiwa kwa sanduku, Mwea tunaenda." Sauti yake haikupanda. "Kesho gari litakuwa na mafuta?"

"Litakuwa, Maitu."

"Basi kesho. Na mtu aniletee njahi yangu."

Mama alisema angalau angojee apate nguvu. Shosho akamwambia amengoja vya kutosha, na kwamba mara ya mwisho aliyongoja watu walimtafutia tenti. Sijui alijua vipi kuhusu tenti.

Tukaondoka asubuhi. Baba aliendesha, Shosho katikati, mimi dirishani ili nimsomee vibao. Nyuma walipanda wanabendi na mfuko wa njahi, na mwenyekiti, ambaye hakualikwa. Wote walikuwa wamevaa fulana, maana baba hajui kusafiri na bendi isiyo na sare. Hata boksi moja la kuuza lilikuwa limepakiwa. Nadhani mkono ulilipakia wenyewe kwa mazoea.

Karatina tulisimama karibu na soko. Wanawake waliona nyeusi, wakaona tai, wakajua. Walisimama, wengine wakashika vichwa. Muuza viazi mmoja alikuja mpaka dirishani na uso wa huruma.

"Poleni sana kwa msiba."

"Asante," Shosho akajibu.

"Ni mtu wenu wa karibu?"

"Karibu sana."

"Kwani aliugua?"

"Kifua. Lakini alipona."

Yule mama akamtazama, akatazama fulana za nyuma, akamtazama tena. Akarudi kwenye viazi vyake akitembea kinyumenyume. Shosho hakucheka mpaka tulipotoka mjini. Hapo alicheka mpaka akakohoa, na baba akapunguza mwendo kwa woga.

Sagana tulinunua ndizi. Mwenyekiti aliposhuka kujinyoosha, watu walikusanyika kusoma mgongo wake, na mmoja akauliza bei. Baba akawa ameshafungua boksi.

"Funga hiyo kitu," Shosho akamwambia kupitia dirishani.

"Maitu, ni mbili tu, huyu mtu ako na mgonjwa..."

"Huyo mgonjwa ameulizwa?"

Boksi likafungwa.

Baada ya hapo nchi ikatandazika. Shosho hakuwa amewahi kuona mahali tambarare. Alitazama maji kwenye majaruba, mpunga wa kijani, ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja, wanaume wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia.

"Milima yao iko wapi?"

"Hawana, Shosho."

"Sasa mtu akitaka kujua yuko wapi anaangalia nini?"

Nililiandika swali hilo jioni ile.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa kando ya mfereji, mpunga umeanikwa kwenye turubai uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwafukuza kuku. Shosho ni mfupi, na kwenye kiti cha pikapu alionekana kitambaa chake cha kichwa tu. Wanabendi ndio walioruka chini kwanza. Yule bibi akaona vijana weusi tii kwa nguo, akaona uso wa dada yake umebebwa na ndege, mara nyingi, kila kifua uso ule ule.

Akapiga ukemi. Sijawahi kusikia kilio kama kile, na mimi nimehudhuria mazishi mengi kuliko rika langu. Akajiangusha kwenye mpunga.

"Mwana wa mama! Umeniacha na nani? Wewe uliyenibeba tukienda mtoni! Wewe uliyeninyamazishia njaa kwa kipande chako cha chakula!"

Nikashika mlango niufungue. Shosho akanizuia.

"Ngoja."

"Shosho, analia!"

"Nasikia. Mwache amalize."

Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama watu wanavyosikiliza matangazo ya vifo redioni, machozi yakimtiririka hadi shingoni bila kuyafuta. Nje, mdogo wake aliendelea. Hakuna mwanamke aliyekuwa na moyo kama wake. Hakuna aliyejua kusuka kiondo kama yeye. Hakukumbuka siku hata moja aliyowahi kumkasirikia.

"Na ile sufuria, mwana wa mama, nilikuwa nimekusamehe! Nilikusamehe zamani!"

Shosho akasukuma mlango mwenyewe. "Sufuria gani?"

Kilio kikakatika.

"Sikuchukua sufuria yako," Shosho akasema, akishuka kwa shida. "Ilikuwa ya mama na alinipa mimi."

Mdogo wake alimkodolea macho. Akamshika mikono, akamshika uso, akamnusa kichwani kama mtoto. Kisha akampiga kofi begani, kofi la kweli.

"Umekufa ama hujakufa?"

"Waliniharakisha."

"Basi yale maneno narudisha! Yote! Na sufuria ni yangu!"

Walikaa chini pale pale juu ya mpunga wakabishana juu ya sufuria wakiwa wameshikana mikono, hakuna hata mmoja aliyetaka kuachilia kwanza. Wanabendi hawakujua wafanye nini. Mpiga gitaa akauliza kwa kunong'ona kama apige wimbo. Baba akamwambia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya muziki, hapana.

Jioni baba alisema tuendelee, Kutus na Kerugoya zinangoja. Shosho akasema Kutus na Kerugoya apeleke mtu mwingine, yeye amefika. Akamwita baba karibu, akatema mate kidogo viganjani, akampaka kwenye paji la uso na kifuani, vile wazee wetu wanavyobariki. Baba hakuifuta ile sehemu ya koti. Mama alijaribu kuipangusa baadaye, akakemewa.

Shosho alikaa Mwea mpaka njahi ikaisha. Boksi la fulana liliachwa huko, kwa sababu mdogo wake alikuwa anasumbuliwa na ndege wanaokula mpunga, na alipomwona yule tai alisema hatimaye kuna kitu cha maana kimetoka Nyeri. Akavivisha vijiti fulana hizo, akavisimika shambani. Alitutumia habari kwamba ndege wamepungua, ila hajajua kama wanamwogopa tai au dada yake.

Shosho alifariki mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Safari hii kamati ilingoja. Baba alipiga chapa fulana bila tai, na kifuani aliweka picha waliyopigwa Mwea, wawili kwenye turubai, wote wamefungua midomo kwa wakati mmoja. Akanipa karatasi na wembe.

"Mgongoni tuandike nini?"

Nikamrudishia karatasi nzima, bila kukata. Aliitazama muda, akaiweka kando.

"Mgongo mtupu?" mwenyekiti alisema. "Watu watasema nini?"

Walisema. Mwili ulitoka mochari ukaja nyumbani moja kwa moja. Mdogo wa Shosho alikuwa ameletwa kutoka Mwea na baba siku mbili kabla, akabebwa kwa kiti kwenye mteremko wetu, pamoja na gunia la mchele. Aliketi karibu na kaburi, kimya; kilio chake alikuwa ameshakitumia. Nyuma yangu minong'ono ilikuwa mingi. Ati hawa nao wana fulana zao wenyewe na wameshindwa na mji hata mmoja. Ati biashara imeanguka. Mwanamke mmoja akanigonga mgongoni kwa kidole, pale ambapo angesoma.

"Wewe kasichana. Kwani hamkumpitisha mahali? Hata Karatina?"

Nikageuka. Nilidhani sauti ingetangulia nje kama kawaida yake, lakini ilikuwepo.

"Alishaenda," nikasema. "Akiwa mzima. Tulimpeleka sisi."

Ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mchungaji alinyamaza, watu wakageuka, na baba akaniangalia juu ya miwani yake. Mchungaji akaendelea na maombi, nikatazama mbele, masikio yakiwaka.

Baada ya muda kidole kikanigonga tena, polepole safari hii.

"Hiyo pikapu ya baba yako," akanong'ona. "Mnakodisha? Mama yangu ako na dada yake Nanyuki."